Did you went? Jinsi jana ya Kizungu inavyotutoa jasho Pwani Kusini

Niambie kwa Kizungu ulifanya nini jana. Haraka, bila kuandika, bila kumuuliza Google. Stori yenyewe ni hii: uliamka, ukaoga, ukanywa chai, ukapanda tuktuk hadi Ukunda, ukakutana na msee mwenye deni lako, akakulipa nusu.

Kama uko kama wengi wetu huku Diani, mwanzo ulitoka fiti. "Yesterday I woke up." Safi. "I took a shower." Safi tena. Ulipofika kwa tuktuk, injini ikaanza kukohoa: "I board a tuktuk, I go to Ukunda, I meet this guy, he pay me half." Jana yote imeyeyuka. Anayekusikiliza hajui kama unasimulia kitu kilichotokea mara moja au unaeleza maisha yako ya kila siku, kwamba wewe ni mtu wa kulipwa nusu nusu daima.

Na si kwamba hujui. Ukiulizwa past tense ya "go" utajibu "went" kabla swali halijaisha. Tangu shule ya msingi tumeimba go, went, gone, eat, ate, eaten kama kwaya, na wengine tukavishwa disiki kwa kosa la kuongea Chidigo uwanjani. Karatasi za mtihani tulizijaza mapengo na tukapata alama. Sasa kwa nini ulimi unagoma ukianza kusimulia?

Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili baada ya karo kugoma, kwa hivyo usitarajie nadharia za maprofesa. Lakini nimesikiliza watu wakiongea hapa Ukunda, kwa matatu, kwa maskani, kwa intavyuu za kazi za hoteli, na nina jibu langu. Tatizo ni -ka-.

Hebu rudi juu usome ile stori ya tuktuk. "Uliamka" ina -li-. Baada ya hapo? Ukaoga, ukanywa, ukapanda, ukakutana, akakulipa. Hakuna -li- nyingine hata moja. Kiswahili kinakwambia mara moja tu kwamba tuko jana, halafu -ka- inabeba stori yote, tukio baada ya tukio, na hakuna anayepotea. Ni kitu kitamu sana, na ndiyo maana stori za Kiswahili zinateleza.

Kizungu hakina -ka-. Fikiria matatu ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Kiswahili kinalipa nauli ya jana mara moja pale Likoni, halafu vitenzi vingine vyote vinapanda bure: vinapita Ukunda, vinapita Msambweni, hadi mpakani. Kizungu kina makanga mkorofi. Kila kitenzi kinalipa chake. Kitenzi cha tano kikisema "lakini yule wa kwanza ameshalipa," kinashushwa hapo hapo Kombani.

Kwa hivyo ile stori inatakiwa kuwa: "I woke up, showered, drank tea, boarded a tuktuk to Ukunda and met a guy who owed me money. He paid me half." Hesabu: woke, showered, drank, boarded, met, owed, paid. Nauli saba. Popote kichwa chako kimesikia -ka-, mdomo unatakiwa utoe past. Kama utabeba kitu kimoja kutoka kwa hii makala, kiwe hicho, kwa sababu sijawahi kusikia mwalimu akikisema. Tulifundishwa vitenzi kimoja kimoja, kama nguo kwenye kamba. Kusimulia hatukufundishwa.

Mtu atasema: si watu wanaelewana tu? Wanaelewana, mpaka siku maneno yako yanapoandikwa.

Binamu yangu ni soja wa usiku kwenye nyumba za kukodisha karibu na bahari. Jina la mahali naliacha. Kila zamu anajaza kitabu cha OB, na kitabu ni cha Kizungu. Asubuhi moja mashine ya kukata nyasi haikuwa stoo. Meneja akafungua OB, akakuta binamu ameandika: "I lock the store at 10 pm. I check the back side. Everything is okay."

Meneja akamuuliza: you lock, or you locked? Binamu akaona ni swali moja, akajibu yes. Kumbe kwa meneja kuna tofauti kubwa. "I lock the store at 10 pm" ni maelezo ya kazi yako, kitu unachofanya kila siku, kama kusema nafunga stoo saa 4 usiku. Hakuna mahali umesema usiku ule, ule wa mashine, mkono wako ulishika kufuli. "I locked" ndiyo ingekuwa ushahidi. Herufi mbili. Jamaa alikaa nyumbani wiki mbili bila mshahara, mpaka ikajulikana mtu wa mchana alikuwa ameiazima mashine kwa nyumba jirani.

Niseme ukweli, kwa sarufi meneja alikuwa sawa, kwa utu hapana. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Mombasa. Angeuliza "ulifunga?" tu, angejibiwa "nilifunga" na mambo yangeisha kabla chai haijapoa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi za nchi hii. Lakini kitabu cha OB hakijasoma katiba.

Na kuna kichekesho ndani yake. Kizungu kina vitenzi ambavyo havibadiliki kabisa: put, cut, hit, shut. Leo "I put", jana "I put". Binamu angeandika "I shut the store at 10 pm", meneja asingekuwa na kesi. Kwa hicho kitenzi kimoja, leo na jana zinavaa shati moja.

Sasa tuingie kwa kosa ambalo ndilo kichwa cha makala. "Did you went?" Pamoja na ndugu zake: "I didn't saw him", "She didn't came". Hili watu wanachekwa nalo sana, na mimi naona wanaochekwa wana mantiki. Mtu amejua ni jana, ametafuta kitenzi cha jana, amekipata. Shida ni kwamba did imeshafika kabla yake. Did ndiyo iliyobeba jana, na jana hawabebi wawili.

Na hapa Kiswahili kinakusaidia, kwa sababu sisi tunafanya vile vile. Nilienda. Kwa kukana tunasema sikuenda. Ile -li- imeenda wapi? Imetoka, -ku- imeshika nafasi. Hakuna mtu wa Msambweni, awe mtoto au mzee, atakwambia "sikulienda". Ukisikia mtu akisema hivyo utajua ni mgeni wa wiki ya kwanza. Basi "didn't went" kwa sikio la Mwingereza ni "sikulienda". Did ikiingia, kitenzi kinarudi nyumbani kuvaa nguo za kawaida: didn't go, didn't see, did she come? Sheria hii unayo tangu ukiwa na miaka mitatu, sema hukujua ni sheria.

Tofauti moja tu: "was" na "were" hawahitaji did. "Was he at the beach?" "He wasn't." Hao wawili wanajitegemea.

Tukiwa kwa "was", kuna lingine nalisikia sana kwa vijana wanaotafuta kazi: "I was work in a restaurant", "I was go to Likoni". Hii imetoka kwa "nilikuwa". Mtu anadhani was ndiyo alama ya jana, kwa hivyo anaibandika mbele ya kila kitu. Was ni sawa na "-likuwa". Si sawa na "-li-". Nilikuwa nafanya kazi: I was working. Nilifanya kazi: I worked. Chagua moja, usizichanganye kama viazi karai na keki.

Tuje kwa mdomo sasa, maana kuna watu wanaandika vizuri na wakiongea jana inapotea. Lugha yetu inapenda silabi iishie kwa vokali. Ndiyo maana "bank" ilifika huku ikawa benki, "shirt" ikawa shati, "ticket" ikawa tiketi. Halafu unaambiwa useme "asked", ambapo konsonanti zimebanana mwishoni kama watu kwenye feri ya Likoni saa 12 jioni. Tunafanya mojawapo ya mambo mawili. Ama tunaongeza vokali, "askedi", "washedi", ama tunaiacha -ed ijifie, tunabaki na "ask" na "wash", na tumerudi leo bila kutaka.

Siri ni kwamba -ed haitamkwi "ed" mara nyingi. Baada ya sauti kavu kama k, p, s, sh, ch, f, inakuwa t tu: "locked" inaishia kama "lokt". Baada ya sauti nzito kama n, l, m, r, v, au vokali, inakuwa d: "cleaned" inaishia "klind". Inakuwa "id" kamili pale tu ambapo kitenzi chenyewe kinaishia sauti ya t au d: wanted, waited, needed, loaded. Ukikariri hiyo ya mwisho pekee umeokoka nusu. Na ukiona ile t inaponyoka, iunganishe na neno linalofuata kama lina vokali: "worked in" iseme kama "wark-tin". Ulimi wa Kiswahili unafurahi kupata vokali, na msikilizaji anaipata jana yake.

Wengi mtasema mabichi boi hawajasoma haya yote na wanaongea Kijerumani, Kiitaliano na Kizungu kupita wenye digrii. Ni kweli, na nawapa heshima yao. Lakini sikiliza wanachouza. "I give you good price." "Tomorrow I take you to Wasini." Biashara ya ufuoni inaishi leo na kesho. Jana haiuzi kinyago. Mtu anaweza kufanya kazi hiyo miaka kumi bila kuhitaji "took" hata mara moja.

Kazi inayouza jana ni ya gaidi. Nenda Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa Wadigo pale Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Wageni wanafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, halafu wanasimuliwa. Au nenda Shimoni, kwenye pango ambalo simulizi zinasema watumwa walizuiliwa kabla ya kuvushwa baharini. Pale kila sentensi iko jana. "They kept people here" na "They keep people here" ni tofauti inayoweza kumfanya mgeni ageuke atafute mlango. Hata kapteni wa Kisite, ambaye kazi yake ni bahari na si historia, anajua faida: "Yesterday we saw dolphins" inajaza mashua ya leo. "Yesterday we see dolphins" mgeni ataelewa, ila atajiuliza kapteni anajua nini kingine nusu nusu.

Halafu kuna wale ambao jana iliwakuta kwa lazima. Mgodi wa Base Titanium huku Kwale ulianza uzalishaji mwaka 2013, meli ya kwanza ya madini ikaondoka mapema 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukafika mwisho kwa sababu madini yalikwisha. Mamia ya watu wakabaki na vyeti, uzoefu, na CV za kurekebisha. Fikiria kitu hicho: kwa zaidi ya miaka kumi mtu anaandika "I operate heavy machinery", "I maintain pumps", "I supervise a team of six", na yote ni kweli. Mgodi unafungwa, na kila kitenzi kwenye ukurasa lazima kibadilishwe. Operated. Maintained. Supervised.

Nimesaidia washkaji wawili watatu kuchapa hizo CV kwa saiba ya Ukunda. Mmoja aligoma kubadilisha. Akasema akiandika "operated" ni kama anasema hajui tena kuendesha. Nilimwelewa. Kwa Kiswahili angekuwa na njia ya kati: "nimeendesha mitambo miaka tisa", -me- inayoacha mlango wazi. Na Kizungu nacho kina hiyo njia, sema inaandikwa juu kabisa kwenye ule muhtasari wa kujitambulisha: "I have nine years of experience" au "I have operated". Chini, pale penye jina la kampuni na miaka ya kuanza na kumaliza, kazi ikiisha ni past. Tarehe ikishafungwa, kitenzi nacho kinafungwa.

Hapo ndipo -me- inatuchezea watu wa pwani. Mtaani tunasema "jana nimemwona Likoni" na hakuna anayeshtuka. Kizungu kinashtuka. "I have seen him yesterday" hapana. Ukishataja wakati uliopita, iwe yesterday, last week, in 2019, au two hours ago, ondoa have, weka past ya kawaida: I saw him yesterday. Kwenye intavyuu swali likianza na "when", jibu kwa past. Likiwa "have you ever", jibu kwa have, halafu ukianza kutoa mfano wa lini na wapi, ruka kwa past. "Yes, I have handled complaints. Last August a guest lost her bag and I..." Kuanzia hapo ni nauli kwa kila kitenzi.

Kuhusu vile vitenzi vya kukariri, usichukie sana. Vitenzi kumi vinavyotumika zaidi kwa Kizungu, akina be, have, do, say, go, get, make, come, take na see, vyote ni wakorofi, hakuna hata kimoja kinachokubali -ed. Vinatumika kila siku, kwa hivyo havikupata nafasi ya kusahaulika na kunyooshwa. Vingine vilinyooshwa: enzi za Shakespeare "help" ilikuwa na past ya "holp", leo ni helped tu. Na "went" si mtoto wa go. Iliibwa kwa kitenzi kingine kabisa, "wend", ikahamia kwa jirani na kukaa moja kwa moja. Nasi tuna wakorofi wetu. Nilipika, nilifunga, nililala, halafu ghafla ni nilikula, nilikuja, nilikunywa, na -ku- imekaa katikati bila kuomba ruhusa. Mzungu anayejifunza Kiswahili hapa Diani akisema "nilila samaki" tunamrekebisha tukitabasamu. Tungejirekebisha sisi kwa sisi kwa tabasamu hilo hilo, watu wangeongea zaidi.

Kama unataka mazoezi, usirudie ile kwaya ya shule. Chukua vitenzi ishirini vya kazi yako mwenyewe. Wa boda: carried, dropped, waited, charged, fell. Wa mkahawa: served, took, brought, spilled. Msusi: washed, braided, cut, ambayo nayo haibadiliki. Kila jioni jirekodi kwa simu dakika moja ukisimulia siku yako, halafu sikiliza ukihesabu nauli. Ukiwa na rafiki ni bora zaidi: yeye anainua kidole kila kitenzi kinapopanda bure. Utakasirika siku tatu za kwanza, maana unasimulia kitu cha maana na mtu anakuinulia kidole.

Anza na hii ya mvuvi wa Msambweni. Tulitoka alfajiri, tukatega nyavu, tukasubiri, tukavuta, tukapata tasi na changu, tukauza, tukagawana pesa. Vitenzi saba, -li- moja, -ka- sita. Ifiche mistari inayofuata kwa kidole, jaribu mwenyewe kwanza.

"We left at dawn, set the nets, waited, pulled them in, got some tasi and changu, sold them and shared the money."

Set haibadiliki. Hiyo nauli nimekulipia.